Robine Isiyopona

Jumamosi ile, Kasongo fundi alipofika kwa maman Sikujua, vijana wawili wa Chama walikuwa wamesimama langoni. Walimpisha, kisha wakafunga lango nyuma yake.

Katika chumba cha kufulia robine ya bomba la maji ilikuwa ikilia kama siku zote. Haikuwa ya kudondosha. Ilimwaga mchana na usiku, ikipiga mluzi na kutetemesha bomba hadi ukutani, na chini ya sinki la sementi maji yaligugumia kama mtu anayekabwa koo. Juu ya ndoo iliyogeuzwa alikuwa ameketi Citoyen Bisimwa, mkuu wa mtaa.

Huyo hatujamsahau. Serikali ilipoamuru kila mtu atupe jina lake la ubatizo, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kalamu nyekundu. Ignace, kata. Godelive, kata. Kikongwe mmoja alimuuliza akilia, basi Mungu ataniitaje? Akamjibu: citoyenne, raia, kama wengine. Na padri atakayempa mtoto jina la kizungu, alitangaza, ni miaka mitano gerezani. Jina lake mwenyewe, Philémon, alilikata la kwanza, mbele ya umati, na tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga.

"Citoyen Kasongo," alisema sasa kwa sauti iliyofika hadi langoni. "Hii robine umeitengeneza mara ngapi?"

Kasongo alisema hakumbuki.

"Miye nakumbuka. Kila Jumamosi, kiisha kazi ya lazima ya salongo, mwaka na nusu. Hata maiti ingekuwa imepona."

Mtaa mzima ulikuwa umeshacheka juu ya hilo. Wanawake waliokuja kufua nepi za watoto wao ndio waliovumisha maneno: robine ya mujane haiponi kwa sababu mwenyewe hataki ipone. Maman Sikujua alisikia, akatabasamu tu.

"Leo utaitengeneza mbele yangu," aliendelea Bisimwa. "Ikinyamaza, hautarudi tena hapa. Ikikataa, hawa vijana watakupeleka kambini kwa askari, ukaeleze wewe uko fundi wa nini."

Maman Sikujua alijaribu kumtetea. Alisema robine iko ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, na wao wameshaizoea. Ilibidi arudie, maana Bisimwa alimgeuzia kwanza sikio la kushoto, kisha la kulia, lile linalosikia.

"Inaruka tu, papa. Inalowanisha watoto vichwa, si kitu."

Bisimwa alisema hilo yeye pia ameliona: kila mtoto mchanga anayeingia hapa anatoka na kichwa kimelowa.

Kasongo alifunga maji nje, akarudi, akaishika robine. Mikono yake ilikuwa laini mno kwa kazi ile. Kle, ile spana yake, iliteleza mara mbili, ikamchuna kidole. Mpira wa ndani ulikuwa umelika upande mmoja. Ndio uliokuwa ukicheza na kupiga mluzi. Fundi yeyote angeuona siku ya kwanza. Alikata mwingine kutoka kipande cha mpira wa gurudumu, akausugua sakafuni hadi ukaenea, akaukaza.

"Na chini," alisema Bisimwa.

Alipiga magoti, akafungua kiwiko cha bomba la maji machafu, akaingiza waya. Zikatoka nywele, zikatoka nyuzi, kisha likatoka donge jeupe, gumu, kama ngumi ya mtoto. Bisimwa alilichukua, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa.

"Ni sabuni," alisema maman Sikujua.

"Sabuni isiyotoa povu." Akalitia mfukoni.

Ndipo akaingia Mosi, binti ya Bisimwa, na beseni la nepi kichwani na mtoto mgongoni: kitoto cha siku tisa, kilichokataa ziwa tangu juzi. Vijana wa langoni, waliokuwa wamewarudisha wafuaji wote tangu asubuhi, yeye walimpisha. Alipomwona baba yake, beseni lilimponyoka. Maman Sikujua alimkonyeza arudi alikotoka, lakini Bisimwa alikuwa ameshanyoosha mkono kumwonyesha asimame pale pale.

"Fungulia maji," akamwambia fundi.

Kasongo alitoka, akafungulia, akarudi na kuegemea mlango kama mtu anayengoja hukumu. Maji yalijaa bombani, yakanung'unika mara moja, yakatulia. Hata tone. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile ilisikika pumzi ya mtoto, fupi, ya kukwaruza, na kule mbali vijana wakitaniana langoni. Maman Sikujua aliketi sakafuni. Kasongo alianza kukusanya vyombo vyake, akaviacha.

Bisimwa aliinuka, akafunga dirisha. Alitoa lile donge mfukoni, donge la mshumaa, akaliweka ukingoni mwa sinki. Kisha akabandua beji ya Chama kifuani mwake, akailaza kando yake.

Alipomgeukia Kasongo na kuzungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unisamehe kwa robine, Padri. Sikio langu moja limekufa, na hili jina nataka nilisikie." Akafungua kitambaa mgongoni mwa binti yake, akamtoa mjukuu wake, akamshikilia juu ya sinki. "Mwite Philémon."