Mwizi wa Zamu

Mwizi wa Jumapili ile alikuwa katekista mwenyewe.

Alitokea nyuma ya kichuguu, kanzu ya ibada bado iko mwilini, akainua mikono kama anayetoa baraka. "Samahani mama, naomba huo mzigo."

Wanawake wakaangua kicheko. Bibi Apolinaria hakucheka. Alikung'uta mkono mara moja, tak! Kirungu cha chuma kikachomoka vipande vitatu, kikamgusa katekista kwenye kiwiko, kikamgusa kwenye paja, kikamgusa kwenye ugoko. Kumgusa tu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Mkono uachie, paja life ganzi, mguu usikufuate," alisema. "Halafu?"

"Tunakimbia na kupiga yowe!"

"Haya, katekista, umeshakufa. Nenda kanywe maji."

Kirungu chenyewe ni cha kukunja, kama cha walinzi wa mjini. Kikijikunja kinaenea kwenye pindo la kitenge, mtu asijue umebeba nini. Binti yake Consolatha ndiye aliyemletea kutoka Tabora, tanga la baba yake lilipoanuliwa.

Mumewe, mzee Mayala, alikuwa mrina asali. Aliuawa kwenye njia ya Sikonge mchana kweupe, pale penye mchanga mwingi, yeye anakokota baiskeli na mkewe anasukuma kwa nyuma. Mtu aliyejifunika gunia usoni alimtupa Apolinaria mtaroni, akampiga Mayala gongo la kichwa, akaenda zake na ndoo mbili za asali. Siku ya tatu Mayala akafa. Polisi walikuja wakaandika. Sungusungu walikaa vikao. Mwaka ukapita, na muuaji hakupatikana.

"Yupo," Apolinaria alikuwa akisema huku anapepeta mchele, kana kwamba anaongea na ungo. "Anakula, anashiba, analala. Mimi namngoja. Siku nikimpata sina haja ya kumwuliza jina."

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoanza kuwafundisha wanawake wa kijiji kujilinda, kila Jumapili ibada ikiisha. Njia ni ile ile, na wao wanaipita kila siku na mizigo yao. Alikuja na baiskeli ya marehemu, ndoo ya maji imefungwa nyuma badala ya asali, na kila wiki aliomba mwanamume mmoja awe mwizi.

"Niibie unavyojua mwenyewe," alimwambia kila mmoja. "Mimi sifundishi mtu wizi."

Basi kila mwizi alikuja na wake. Fikiri, fundi baiskeli, alijifanya mgonjwa, akaomba asukumwe mpaka zahanati. Masolwa alinguruma mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba. Octavian alifanikiwa kukimbia na ndoo, akajikwaa, akaoga. Ikawa fahari kuitwa mwizi. Aliyekuwa hajaitwa aliwauliza wenzake zamu yake lini.

"Bibi, si tubaki na Fikiri tu?" Anifa aliuliza siku moja. "Huyu tumeshamzoea."

"Ndiyo ubaya wake huo, mwanangu. Wa njiani utakuwa umemzoea?"

Wakatikisa vichwa, wakasema huyu bibi ana akili.

Jumapili iliyofuata ile ya katekista, zamu ikamwangukia Wilbroad wa ghala la tumbaku. Wanawake walikuwa wamemsubiri kuliko wote, maana ni mcheshi, na msimu mzima alikuwa kwenye masoko ya Ulyankulu. Mtu wa watu, Wilbroad. Ndiye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi la Mayala, na kila akiwepo kijijini humletea mjane mzigo wa kuni, hataki hata kikombe cha chai.

Alifika amevaa sufuria kichwani, amejichora masharubu ya mkaa.

"Mayo, leo utalia kama mtoto!" alimtania bibi.

"Mwizi gani huyo anaonekana toka Sikonge?" Advera akamdhihaki.

"Mwizi mwenye sifa zake, shemeji! Nyie leteni asali, mengine niachieni mimi."

Apolinaria akaanza kukokota baiskeli, polepole, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Wilbroad akamzunguka akicheza, akapiga makofi, akamwita mchumba, akaomba posa palepale. Anifa alicheka mpaka akakaa chini. Sufuria likaanguka, Wilbroad akaliokota, akalivaa tena kinyumenyume.

Kisha akairukia baiskeli.

Mkono wa kulia ulikwenda kwenye ndoo. Wa kushoto ulikuwa umeshatangulia kwenye usukani, bila yeye kuutazama. Pale palikuwa na kengele legevu, ya kulia yenyewe kila baiskeli ikitikisika. Kiganja kikaifunika yote, kikaibana taratibu, isitoe sauti ikasikika mashambani.

Apolinaria aliwaeleza polisi kila kitu: urefu, koti, gunia. Habari ya kiganja cha muuaji juu ya kengele hakumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio.

Wanawake walikuwa bado wanacheka. Wilbroad naye alikuwa anacheka, mkono pale pale.

"Mabinti," alisema Apolinaria, kwa sauti yake ya siku zote, "geukeni. Tazameni kule barabarani mpaka nitakapowaambia."

Wakageuka wote, wakajipanga mstari, wakidhani ni fundisho jipya.