Mlio wa Ng'ambo

Tangu daraja lifunguliwe, hakuna aliyemwita Matimbwa. Vibarua wa kiwanda cha ngozi, wachuuzi wa mkaa, walevi wa kilabuni, wote sasa walipita juu, na yeye akabaki chini mtoni na pantoni yake ya kuvuta kwa kamba.

Zamani, mtu wa ng'ambo akitaka kuvushwa aligonga chuma cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo. Mara mbili, abiria. Mara tatu, mzigo.

Asubuhi hiyo chuma kililia mara tatu. Matimbwa aliacha chai yake ikifuka moshi, akashika kamba, akavuta huku mgongo ukimuuma.

"Nilijua watarudi tu hawa," alisema peke yake.

Ng'ambo alimkuta mwanamume mwenye nyundo, tayari amekishusha kile chuma na kukipakia juu ya mkokoteni uliojaa vyuma chakavu.

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa nakigonga nione kama ni kizima."

"Marahaba. Ni kizima," alisema Matimbwa. Akasogea kando kumpisha. "Haya, panda nikuvushe."

"Na mzigo wote huu? Hapana, mzee, napita zangu darajani."

Akaenda. Matimbwa alibaki amesimama kwenye pantoni tupu. Kule juu, kila mkokoteni ule uliporuka maungio ya daraja, kile chuma kililia, na kila kilipolia, mikono ya Matimbwa ilikwenda yenyewe kwenye kamba.