Foleni ya Dawa kwa Kobe

Nyati, mkuu wa pori, alitangaza vita dhidi ya jani la kulewesha, akamwagiza askari wake Nguchiro akamate walaji ishirini kabla ya adhuhuri. Nguchiro alimjua vyema muuzaji, Swila, ambaye kila Ijumaa humletea mayai. Basi akaenda kwa Kobe mganga, ambako walioacha jani hupanga foleni kila asubuhi kunywa dawa ya kutuliza arosto, yale mateso ya kukosa jani.

“Afande, mimi nimeacha!” Komba alilia kutoka kwenye foleni. “Leo natimiza siku ya arobaini.”

“Umeacha, na kikombe umeshika? Twende, teja wewe!”

Baada ya wiki Nyati alipita pamoja na Nguchiro, akakuta mlango wa Kobe mtupu.

“Wagonjwa wako wapi, mzee?”

“Wameogopa, Mkuu, wamerudi kwa Swila. Wawili nimewazika jana.”

“Lakini foleni imekwisha,” Nyati alisema kwa furaha. “Nguchiro, usibanduke mlangoni hapa.”

Siku hiyo Komba alifunguliwa kutoka mahabusu, akaikimbilia dawa yake huku akitetemeka. Alipomwona Nguchiro mlangoni aligeuka, akashika njia ya kwa Swila, ambako hakukuwa na askari hata mmoja.