Bolti ya Usukani

Bolti ya mwisho iliyobana kufuli ya usukani iliyokwama haikuwa na kichwa, ili mwizi asipate pa kuishika. Swafiya aliigonga kwa tindo taratibu, akiogopa kuivunja Peugeot kuukuu ya baba yake, ambayo yeye fundi alikuwa akiifufua katika gereji yake mtaani Gatsata.

Bolti ikazunguka.

"Iko inatoka?" baba akauliza kutoka nje, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. "Leo naendesha mwenyewe mpaka msikitini."

Akanyoosha mkono kushika mlango wa gari. Ukapapasa hewa, ukakosa, ukapapasa tena. Macho yake yalikuwa yameelekea ukutani.

Swafiya akatazama nje. Barabarani watoto wa shule walikuwa wakivuka.

Akageuza tindo, akaanza kuikaza bolti tena.

"Bado, baba," akasema. "Imegoma kabisa."