Sanduku la Mwenye Kwenda Mbali

Mwanza, mkubwa wa polisi, aliingia katika nyumba ya vitabu bila yambo wala salamu. Aliweka sanduku tupu juu ya meza, la mbao mpya, bado likinuka maranda.

"Lijaze," alisema. "Bitabu. Lakini usiweke ya namna moja. Uchanganye."

Gamaliel, mtunza vitabu, aliinuka haraka hadi kiti kikaanguka. Huyu alikuwa mtu wa tai kila siku ya Mungu, hata jua la Oktoba likichoma mpaka mbuzi wanaingia barazani. Mtoto wa misioni ya Methodiste, karani safi, na mwoga. Tusifichane, mwoga kabisa. Nje ya dirisha askari wawili walisimama wakivuta sigara. Wa kubeba sanduku hao, akajiambia.

"Ni ya nani, chef?"

"Ya muntu mwenye kwenda mbali."

Mji wote wa Kamina ulijua ni nani. Isaïe, mwalimu, rafiki yake tangu benchi la shule, alikamatwa juma lile kwa kusali na watu wa dini iliyokatazwa na serikali. Na watu wa namna hiyo hawakufungwa tu. Walipandishwa treni, wakatupwa kambi ya mbali, miaka na miaka, kwa watu ambao hata lugha yao hawaijui. Wengine walikwenda hivyo na hakuna ndugu aliyeona kaburi lao.

Na Gamaliel je? Hakukanyaga kwa Phébé, mke wa Isaïe, hata kumpa pole. Njia ile aliikwepa, akazunguka nyuma ya soko, mtu mzima na tai yake! Kwa sababu yeye naye aliwahi kwenda kwenye sala zile, mara moja tu, akasimama karibu na mlango. Aliyemwona ni Isaïe peke yake. Na Isaïe hangesema. Isaïe? Thubutu! Wangemkata ulimi kwanza.

Sasa polisi anataka vitabu. Iko mtego hapa, Gamaliel akawaza. Akichagua vizuri mno, watasema anampenda mfungwa, kesho wanamfuata na yeye. Akichagua ovyo, rafiki yake atazeekea porini bila neno la kumfariji. Akavuta kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Hii iko muzuri, chef. Kufuga mabata."

Mwanza hakucheka. "Weye ungekuwa kule pekee yako, ungesoma mabata?"

Aibu ikampanda Gamaliel mpaka masikioni. Alirudisha mabata mahali pake, akasimama mbele ya rafu akizipa mgongo zile sigara za dirishani. Potelea mbali, akasema moyoni. Kumtembelea sikumtembelea, basi angalau hili.

"Muntu hakule bukari bila mboga, chef," alisema, na kwa mfano huo wa ugali sauti yake ikaanza kukaa sawa. "Kichwa nacho njo vilevile. Ukimupa dini tupu, atalia kila siku. Ukimupa bichekesho tupu, atakuwa kizimu, kichwa kitaharibika."

Akaanza kuchagua. Kitabu cha magonjwa na dawa, maana huko muganga hayuko. Cha kulima mihogo katika udongo mbaya. Hadithi za sungura na fisi, za kusoma kwa sauti, ili aisikie sauti yake mwenyewe asije akaisahau. Kitabu cha mashairi ya Kifaransa, kidogo, cha kuchovya kidogo kidogo. Kitabu cha mtu aliyezunguka bahari zote.

"Na hii? Iko ya nini?" Mwanza alishika kimoja.

"Roman, hadithi ya mauaji. Bantu banakufa katika hoteli, na hakuna mwenye kujua nani anabaua. Iko ingine ndogo na ingine munene."

"Weka munene. Wakati itakuwako mingi."

Gamaliel akaweka ile nene.

Mwanza alikuwa akivipokea kimoja kimoja, akivipanga polepole kama mtu anayelaza mtoto. Jambo hilo lilimtia Gamaliel hofu kuliko kama angetukanwa. Polisi mwenye adabu! Nani alishaona?

"Unamujua sana ule muntu," Mwanza alisema.

"Apana sana, chef," akajibu haraka, na palepale akajichukia. Jamani, mpaka lini? Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitabu chake mwenyewe cha nyimbo za kanisa, jalada limechoka kwa jasho la mkono wake. Akakiweka juu ya vingine vyote.

"Hii hayiko ya nyumba ya bitabu," Mwanza alisema.

"Iko yangu. Aende nayo."

"Una hakika hakuna ingine utakumbuka kisha?"

Gamaliel alizitazama rafu kutoka juu mpaka chini. Alikuwa amechagua vizuri. Katika maisha yake yote hajawahi kuchagua vizuri hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu juma lianze alipumua. Akafunga sanduku mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Chef, nakuomba. Umwambie Isaïe ni miye nilichagula. Asifikiri nilimusahau."

Mwanza alivaa kofia yake, akawafanyia askari wa dirishani ishara waingie.

"Isaïe iko kwake na bibi yake Phébé tangu asubui," alisema. "Tulimuachilia wakati alitutajia jina yako. Aliomba kitu moja tu: tukuache uchague bitabu yako weye mwenyewe."