Kidole Kando ya Nyenje

Katika picha nzima, kilichomchoma Roseline moyoni si nyenje. Ni kidole gumba cha baba yake.

Mzee alikuwa na mchezo wake. Mvua ikianza Oyugis, nyenje, wale wadudu wa kelele, wakitoka ardhini na kupanda mtini, aliwapiga picha kwa simu, kidole akikiweka kando. Roseline alikuwa ametuma moja ya picha hizo kwa daktari mmoja, mtaalamu wa wadudu, na sasa mtaalamu amempigia.

"Madam, huyu ametoka kwa ganda sasa hivi tu. Bado mweupe, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Rangi haijaingia, siwezi kumpa jina. Lakini nikijua upana wa ukucha wa kidole hicho kando yake, nitapata ukubwa wake. Mwambie mzee apime."

"Tulimzika Aprili, daktari."

"Woi! Pole sana, madam. Basi tuwachane nayo."

Roseline aliitazama tena ile picha. Kidole kifupi, kipana, bapa kama kijiko. Shuleni wasichana walimcheka kwa kuwa na kidole kama hicho, na mpaka leo, akipigwa picha, hukificha ndani ya ngumi.

"Usikate simu," alisema.

Alichukua rula ya mwanawe, akakunjua mkono wake wa kulia, akalaza gumba juu ya alama. Akajikuta anatabasamu.

"Andika milimita kumi na saba, daktari. Kidole ni kile kile. Baba aliniachia."