Sanamu ya Fundi Cherehani

Pigo la kwanza la nyundo liling'oa pua. La pili lilipasua shavu, na fundi cherehani akasimama kuvuta pumzi, maana uso aliokuwa akiuvunja ulikuwa wake mwenyewe.

Kazi ilikuwa safi, hilo alilikubali. Tepu ya kupimia shingoni, kidole kilichopinda, vyote vilikuwepo. Mzee aliyezijenga sanamu hizi hakufundishwa na mtu. Mchana alifagia zahanati, jioni alichanganya saruji nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka thelathini bustani ilijaa watu wa kijiji waliosimama kimya. Walikuwa arobaini. Wote walijengwa wakiwa hai, na hakuna aliyemaliza mwaka.

"Nimekukosea nini, baba?" alimuuliza mzee. "Wanangu bado wadogo. Nani atanilelea?"

Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo, macho chini. "Hujanikosea, mwanangu. Vunja tu."

"Mimi mzima! Kifua kidogo tu. Daktari mwenyewe kaniambia nipumzike, nile vizuri."

"Basi ule vizuri," mzee alisema.

Fundi alivunja mpaka zikabaki nondo tupu. Kisha akatoa barua ya serikali ya kijiji na kidau cha wino alichotumwa nacho.

"Nisomee, mwanangu. Darasa mimi nililipita kwa nje."

Akamsomea: kuanzia leo ni marufuku kumjengea sanamu mtu aliye hai. Mzee akachovya dole gumba, akalibandika chini ya barua bila ubishi.

Fundi alirudi nyumbani mwepesi, akicheka peke yake njiani. Jioni ile alikata sare za shule za wanawe, akaacha pindo refu ili ziwafae mpaka mwakani.

Jumatatu, kule zahanati, mzee alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha mafaili kama kawaida. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufagia humo. Daktari alipenda kutania kwamba siri za wagonjwa ziko salama kwa mtu asiyejua a wala be.

Mzee alifunga mlango kwa ndani na kuegemeza ufagio ukutani. Akatoa faili la fundi cherehani, akalisoma upya neno kwa neno, akiomba iwe kwamba ile mara ya kwanza alikuwa amesoma vibaya.